Poda ya tumbo la ng'ombe: nyota tatu kati ya tano

Nimeitumia poda hii mwaka na nusu sasa, kwa ng'ombe wanne wa maziwa. Paketi imeandikwa "kwa matatizo yote ya tumbo, ng'ombe na nyati". Nyati wa kufugwa sina, kwa hiyo hapo sina neno. Ila hilo "yote" nina ugomvi nalo.

Nianze na siku iliponifaa. Ng'ombe mmoja alikata kamba usiku, akaingia stoo na kufakamia mahindi yaliyoparazwa. Asubuhi nilimkuta kasimama kinyonge, hacheui, kinyesi chororo chenye harufu ya uchachu, chenga za mahindi zimo humo vilevile. Nikabana ngumi kwenye kile kibonyeo cha ubavu wa kushoto, nyuma ya mfupa wa mwisho wa mbavu, nikatazama saa. Tumbo lenye afya hukusukuma ngumi kama mara tatu ndani ya dakika mbili. Lake lilisukuma mara moja, tena kwa uvivu.

Ndani ya poda kuna baikaboneti ya sodiamu, hamira na tangawizi. Hiyo baikaboneti ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye mate ya ng'ombe. Akicheua vizuri humeza mate zaidi ya lita 100 kwa siku, nayo ndiyo yanayozimua asidi tumboni. Akiacha kucheua mate yanapungua, na uchachu unazidi. Nilimpa paketi moja kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, asubuhi na jioni, nafaka nikaondoa kabisa, nikamwachia nyasi kavu. Jioni ya siku ya pili nikamkuta kalala, taya linakwenda upande kwa upande, anacheua. Sisemi ni poda peke yake, nyasi nazo zilifanya kazi. Na huyu alikula kidogo tu. Aliyemaliza ndoo nzima akaanza kuyumba ni wa daktari, tena upesi.

Mara ya pili ndipo niliponuna. Mwingine alikula majani machanga ya jamii ya kunde yakiwa bado na umande, na saa moja baadaye ubavu wa kushoto umetuna hadi kupita usawa wa uti wa mgongo, ukiupiga unalia kama ngoma. Mimi na imani yangu kwenye "yote", nikakoroga paketi. Hakuna kilichoshuka. Daktari wa mifugo alipofika akapitisha mpira mdomoni hadi tumboni, likatoka povu badala ya upepo. Gesi ilikuwa imenaswa ndani ya povu, ng'ombe hawezi kuitoa kwa mbweu. Akampa mafuta ya kupikia, kama nusu lita, akamtembeza. Povu likavunjika, zikaanza mbweu ambazo sijawahi kuzifurahia hivyo. Kwa gesi ya namna hiyo poda ilinipotezea nusu saa, na ng'ombe aliyevimba anaweza kufa kwa muda mfupi tu, maana tumbo linabana mapafu.

Kuhusu kunywesha, maelezo kwenye paketi ni mstari mmoja wa maandishi ya sisimizi. Wangepaswa kusema hivi: usimnyanyue kichwa juu sana, usimvute ulimi, mimina kwa mafunda kupitia pembeni ya mdomo, na akikohoa acha. Dawa ikiingia mapafuni utakuwa umemletea ugonjwa mbaya kuliko uliokuwa unautibu.

Mengine ni madogo. Poda inaganda vibonge paketi ikishafunguliwa, na inabidi kukoroga sana. Ng'ombe wangu mkubwa haipendi harufu ya tangawizi, hunipulizia nusu yake usoni.

Nitainunua tena, kwa ng'ombe aliyekosa hamu ya kula baada ya kubadilishiwa chakula. Paketi mbili ziko kwenye rafu ya bandani, na pembeni yake nimeweka chupa ya mafuta niliyoiandika kwa kalamu nene: POVU.