Amplifaya ya sebuleni na kinga yake: nunua kwa mpangilio huu

Tangu mvua zianze naulizwa swali lile lile na majirani, binamu, hadi dada anayenisuka: "Amplifaya yangu imeungua, ninunue ipi?" Nikiuliza iliungua saa ngapi, jibu halibadiliki. Umeme uliporudi. Ulipokatika ilikuwa nzima. Uliporudi tu, harufu. Kisha wanaendelea kuniuliza habari za wati na Bluetooth!

Wati sitaanza nazo, na Bluetooth siku hizi iko hadi kwenye redio za sokoni. Nataka tuongelee kitu ambacho muuzaji hakitaji hata umbembeleze: umeme ukirudi, kifaa chako kinasubiri muda gani kabla ya kuupokea?

Umeme ukirudi mtaani, friji, pampu na viyoyozi vyote vinaanza kwa mpigo. Mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko ikishashika mwendo, kwa hiyo volti zinaporomoka, halafu zinapanda tena mota zikitulia. Mara nyingi umeme wenyewe unarudi, unakatika, unarudi tena kabla watoto hawajamaliza kushangilia. Kifaa kisichojua kusubiri kinakula vipigo vyote hivyo.

Baya zaidi ni nyutro, waya wa kurudishia umeme. Njia ya nguzo ina fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto, na nyutro. Fezi na nyutro ni volti 230. Fezi na fezi ni 400. Nyutro ikikatika huko juu, nyumba za fezi tofauti zinaanza kugawana zile 400, na anayeumia ni mwenye matumizi madogo. Wewe mwenye taa mbili na amplifaya unaweza kupata zaidi ya 300 huku jirani mwenye pasi na jiko la umeme akilalamika kuwa taa zake ni hafifu. Ekstensheni zinazouzwa kama kinga hazikusaidii hapo. Kilichomo ndani yake ni cha kuzuia mruko wa kufumba na kufumbua. Umeme mkubwa ukikaa, chenyewe ndicho kinaungua kwanza. Habari ya ekstensheni imeishia hapo.

Kwa hiyo kinga inanunuliwa kabla ya amplifaya. Namba moja kwangu ni AVS ya Sollatek, na kama naonekana napendelea, ni kweli napendelea. AVS hairekebishi umeme. Inaukata ukizidi au ukipungua mno, inasubiri utulie, ndipo inauachia. Kwa amplifaya na runinga, ile ndogo ya kuchomeka kwenye soketi inatosha. Wengi huuziwa Fridge Guard kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani. Italinda, ila imetengenezwa kwa ajili ya kompresa ya friji na kusubiri kwake ni kwa dakika, taarifa ya habari itakupita. Chukua TV Guard. Mwenye nafasi amwite fundi amfungie AVS30, ya ampia 30, isimamie saketi zaidi ya moja.

Namba mbili ni stabilaiza, kifaa cha kurekebisha volti, na hii ni kwa wale ambao jioni umeme wao ni mdogo hadi feni inazunguka kwa huruma. Weka stabilaiza kwanza, AVS baada yake, maana AVS ikitangulia itaukata umeme mdogo kabla stabilaiza haijaupandisha. Chagua ya servo, inayopandisha volti taratibu kwa mota na brashi ya kaboni. Zile za rilei, ambazo ndizo zimejaa madukani, zinapandisha kwa hatua: tak, tak, tak. Katikati ya taarabu ya polepole utatamani kuitupa dirishani. Kama umeshanunua ya rilei, tafuta swichi ndogo ya kuchagua kusubiri sekunde 6 au 180. Dukani huwa imeachwa kwenye 6 ili mteja aone taa inawaka haraka na alipe haraka. Iweke 180 leo hii. Na usidanganywe na namba ya kwenye boksi: stabilaiza ya VA 1000 ikifanya kazi kwenye volti 140 inaweza kubaki na nusu tu ya uwezo wake.

UPS ya online, ile yenye betri inayotengeneza umeme wake upya muda wote, ni namba tatu. Umeme wake ni safi kuliko wote, lakini bei ni kali, betri zinachoka, na feni yake inavuma sebuleni kutwa. Inveta za bei rahisi, za kugeuza umeme wa betri, zenye wimbi la umeme la ngazi ngazi badala ya laini, sizipangi kabisa. Transfoma ya amplifaya itanguruma hata muziki ukiwa umezimwa.

Sasa amplifaya. Yamaha A-S301, halafu A-S501 kwa mwenye sebule kubwa. Wati 60 na 85 kila upande kwenye spika za ohm 8, na ni wati za kupimika. Zote zina tundu la waya wa optiki kwa runinga, na zina transfoma ya kawaida ambayo fundi anaielewa. Denon PMA-600NE inafuata, wati 45, sauti yake ni tamu ila kwangu ni pole mno. Kwa bajeti ndogo kuna Fosi Audio V3: adapta yake iko nje na inakubali volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme mdogo hauisumbui, na adapta ikiungua huenda ukanunua adapta tu.

Sabufa za "wati 12,000" mnazijua. Plagi yetu ina fyuzi isiyozidi ampia 13. Zidisha kwa volti 230 upate 2,990. Hizo elfu tisa nyingine muuzaji anazitoa wapi, mfukoni? Na mtumba wa Japani ni wa volti 100, wa Marekani ni 120. Geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Kikiwa kimekwanguliwa, rudisha pesa mfukoni, hata muuzaji akikuita mama mara ishirini.

Kinachonikera Kariakoo ni kile kibao cha "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi" kinachoning'inia juu ya kaunta ambayo haina hata soketi ya kujaribia. Usilipe hapo. Dai soketi, chomeka AVS, ichomoe, irudishe, kisha hesabu sekunde kwa sauti mpaka taa ya kijani iwake. Ikiwaka papo hapo, hiyo si AVS. Ukiridhika, dai risiti ya mashine yenye jina la modeli, maana "vifaa vya umeme" peke yake hakikusaidii siku ukirudi na boksi lako.