Ruzuku ya filamu ya Kerala, kwa macho ya mtengenezaji wa Mtwara

Korosho ghafi nyingi zinazopakiwa bandari ya Mtwara huenda India na Vietnam, na Kollam, katika jimbo la Kerala, ni mji maarufu wa kuzibangua. Sinema za Kerala hazirudi na meli. Kwenye mabanda ya video ya Masasi na Nachingwea, "picha la Kihindi" kwa kawaida ni la Bombay lililotiwa sauti ya mtafsiri. Kimalayalam, lugha ya Kerala, hakina nafasi. Hasara hiyo, maana namna serikali ya jimbo hilo inavyogharamia filamu inamfaa kila anayeandika muswada Mikindani.

Mtoa huduma ni KSFDC, shirika la filamu la serikali ya Kerala, lililoanzishwa mwaka 1975. Lina studio yake, Chitranjali, lina kumbi zake za sinema, na tangu tarehe 7 Machi 2024 lina jukwaa la mtandaoni liitwalo CSpace. Kilicho bora zaidi ni dirisha la waongozaji wanawake: miswada inashindanishwa, na inayoshinda inalipiwa gharama hadi rupia milioni 15, takribani shilingi milioni 450. Si mkopo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa wa hapa kwetu unakopesha, na mkopo unadai marejesho hata filamu ikilala kwenye diski.

Lakini soma upande wa pili. KSFDC ndiye mtayarishaji, kwa hiyo filamu ni yake. Kwa mwongozaji anayetafuta jina, huo ni mlango mzuri. Anayetaka filamu iwe mali ya kuuza miaka kumi mbele hapati hiyo hapo.

Maharashtra, jimbo jingine la India, wana njia nyingine kwa filamu za Kimarathi, lugha yao: filamu ikamilike kwanza, ipangiwe daraja, ndipo ilipwe. Daraja A limekuwa rupia milioni 4, B milioni 3. Mkulima wa Tandahimba hahitaji maelezo, ni kama stakabadhi ghalani: unakabidhi mzigo, fedha zinafuata. Kasoro yake iko hapohapo. Kamera, mafuta ya jenereta na posho za waigizaji vinalipwa leo, basi mtayarishaji anakopa kwa riba, na filamu ikipewa B badala ya A, milioni moja aliyoitegemea haipo. Ruzuku ya namna hii isiingizwe kabisa kwenye bajeti ya kupiga picha. Iwekwe upande wa kulipa deni, na hesabu ifanywe kwa daraja la chini.

Sasa CSpace, ambayo ilianza na filamu 42: ndefu 35, za hali halisi 6, fupi 1. Hakuna ada ya mwezi, unalipia unachotazama. Filamu ndefu ni rupia 75, yaani zaidi kidogo ya shilingi 2,000, na nusu humwendea mtayarishaji. Uchaguzi unafanywa na jopo la wachambuzi 60, na huu ni utaratibu wa kuigwa, kwa sababu uamuzi haubaki kwenye meza ya ofisa mmoja.

Bei ni ya haki, ila piga hesabu. Nusu ya 75 ni rupia 37.50. Filamu iliyogharimu milioni 15 inahitaji kulipiwa mara 400,000 ili irudishe mtaji. Hata kwa mashabiki wa Kerala, wanaopenda sinema kuliko wengi, hiyo ni idadi nzito kwa filamu isiyo na nyota. CSpace inafaa kuwa dirisha la mwisho, baada ya kumbi na matamasha. Anayeanza nayo anajipunja.

Je, Mtwara ichukue nini? Fungu la mwanzo tayari lipo: mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, isiyo na riba. Kwa kawaida inatolewa kwa vikundi, ila mwenye ulemavu anaweza kukopa peke yake, na filamu ni kazi ya kikundi kwa asili yake. Andiko lionyeshe mauzo, siyo sanaa tu: banda gani litaonyesha, kwa kiingilio gani, marejesho yaanze lini. Panga onyesho la kwanza msimu wa minada ya korosho, kuanzia Oktoba, fedha zikiwa mfukoni mwa watu.