Sekenke nimeipenda, mtembezaji wetu simsamehi

Nimekaa na jambo hili moyoni siku kadhaa, leo nalitoa. Kama unataka kwenda kuona machimbo ya zamani ya dhahabu ya Sekenke, kule Iramba, na ukifika Shelui ukapewa namba ya kijana anayetembeza wageni, usiipige. Jina lake silitaji. Ila safari yote aliitia shubiri, na nikiwa na hasira hizi nakwambia bora usiende kabisa.

Hatukuwa tumepanga. Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, tuko kwa kaka Singida mjini tunakunywa chai, baba akasema tu, "Marehemu baba yangu alichimba Sekenke enzi za Waingereza, na mimi hata kupaona sijapaona." Kaka akaacha kikombe, akachukua funguo. Muda si mrefu tukawa tumeipita Misigiri. Aliyewahi kuteremka mlima Sekenke anaijua ile njia: malori yanashuka taratibu, breki zinanuka, na huko chini mbuga ya Wembere imetanda mpaka macho yanachoka. Tangu pale mlimani baba hakusema neno, anatazama nje tu.

Shelui mama ntilie mmoja akatupa namba ya huyo kijana. Elfu ishirini kwa kichwa, tuko watano, laki moja, na alitaka yote mkononi kabla hatujashuka garini. Nikatoa bila kubishana. Nilijua nanunua maelezo.

Maelezo yenyewe ni haya: "Hapa walichimba Wajerumani. Pale Waingereza. Kule wanaponda mawe." Basi. Muda wote anachezea simu. Baba akamuuliza, kwa sauti yake ile ya chini, watu wa zamani walishukaje mle ndani, kwa kamba au kwa ngazi, na kambi yao ya kulala ilikuwa upande gani. Kijana hata kichwa hakuinua: "Mzee, hayo ya zamani yatakusaidia nini? Pigeni picha twende, nina wageni wengine."

Baba yangu ana miaka sabini na kitu. Shikamoo hakupewa tangu tufike, na sasa anajibiwa hivyo mbele ya wajukuu. Akavua kofia, akaitazama kwa ndani kama kuna kitu amekisahau humo, akaivaa tena. Akarudi nyuma hatua mbili na kunyamaza. Ile kofia sijaacha kuiona mpaka leo.

Na jamani, ya kueleza yapo mengi! Mwaka 1916, vita imewabana Wajerumani na meli za Waingereza zimefunga bahari, sarafu kutoka Ulaya haziji. Dhahabu ya Sekenke ikapelekwa Tabora, na huko kwenye karakana ya reli ikagongwa sarafu ya rupia 15, upande mmoja ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Leo wakusanyaji wa sarafu duniani wanaigombania. Mtu unasimama juu ya mashimo yaliyotoa dhahabu ile, unachukua laki ya watu, halafu unasema hayo ya zamani ya nini?

Nilimwambia aende. Pesa sikumdai, nilitaka tu aondoke machoni pangu.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja tuliyemkuta anaosha marudio, ule mchanga ambao wenzake walishaukamua zamani. Alipomsikia baba akimsalimia kwa Kinyiramba akaacha kazi. Akatuonyesha ubao wake ulioinamishwa na kutandikwa gunia: unamwaga maji, tope linakwenda, dhahabu kwa uzito wake inanasa kwenye nyuzi za gunia. Kisha akachukua karai, akalizungusha polepole, akisukuma mchanga mweusi kwa kidole gumba mpaka ukabaki mstari mwembamba wa njano, mfupi kuliko ukucha. Hiyo ndiyo kazi yake tangu asubuhi. Zebaki, ile ya kunasia chembe za dhahabu, anaikoroga kwa mikono mitupu, na hilo liliniuma sana. Nilimwambia ni sumu. Akasema anajua.

Halafu akamshika baba mkono wakaenda mpaka karibu na shimo moja la zamani. Akamwambia tupa jiwe. Tukasubiri. Sauti ikaja kutoka mbali, ya maji. Akaeleza kuwa ukiacha kuvuta maji shimo linajaa, ndiyo maana mengi ya zamani hayashukiki, na wa sasa wanatoboa maduara yao, yaani mashimo mapya, pembeni, wanakata matimba, magogo ya kuzuia ukuta, wanateremka kwa kamba. "Na baba yako alishuka hivyo hivyo, mwanangu," akasema. Baba mwanangu! Mzee wangu akacheka, mara ya kwanza siku ile, macho yamejaa maji.

Nilisema usiende. Nimeandika mpaka hapa nimebadili: nenda, na uende na wazee wako. Watoto washike mkono muda wote, maana shimo tulilosimama halikuwa na uzio wala kamba. Viatu vya kufunika mguu, maji ya kunywa ya kwenu. Uliza kwanza wenye eneo, usijiingilie tu. Kisha watafute akina mama wanaoosha, wasalimie, kaa chini, na pesa ya mtembezaji wape wao. Sisi bibi alikataa kupokea, ikabidi kaka aiache chini ya karai.

Kwa Sekenke yenyewe natoa nyota zote. Kwa yule kijana sitoi hata moja, na kama wapo wanaosema ni mdogo, atajifunza, mimi sijafika huko.

Baba aliokota jiwe moja lenye mchirizi mweupe. Liko juu ya redio yake. Ameshauliza mara mbili tunarudi lini.