Dory, mjomba mvuvi na safu yetu ya viti sita

Nilikwenda kuitazama Finding Dory, ile filamu ya katuni ya samaki, mwaka 2016 nikiwa na kinyongo. Ile ya kwanza, Finding Nemo ya 2003, niliionea kibanda umiza, CD inakwama kila baada ya dakika kumi, na bado niliipenda. Sasa miaka 13 imepita, mtu anakuambia kuna mwendelezo. Ukishakuwa mtu mzima unajua hapo hela ndiyo inayotafutwa. Na kweli waliipata: wikiendi ya kwanza tu Marekani iliingiza dola milioni 135, na hadi inamaliza mzunguko wake duniani ilikuwa imevuka bilioni moja.

Kilichonitoa nyumbani ni mwanangu, wakati huo ana miaka sita. Tukajaza viti sita katika ukumbi mmoja hapa Dar es Salaam: mimi, yeye, binamu zake wawili, dada yangu, na mjomba aliyekuwa amekuja kutoka Mafia kutibiwa macho. Mjomba ni mvuvi. Alikuwa amepewa miwani mipya wiki ileile, kwa hiyo ile ya 3D akaivaa juu yake, miwani juu ya miwani, akatulia kama hakimu.

Dory alipotokea tu, mjomba akasema kwa sauti ya kutosha safu tatu: "Huyu si kangaja?" Ndiye. Kangaja wa bluu mwenye mkia wa njano yupo hata kwenye matumbawe ya huku kwetu. Kuanzia hapo tukawa na mfasiri wa bahari, na mimi nikawa mfasiri wa Kiingereza, maana watoto walikuwa hawaelewi nusu ya maneno. Pole kwa waliokaa mbele yetu.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Dory, anayesahau kila kitu, anakumbuka ghafla kwamba ana wazazi. Anavuka bahari na rafiki zake Marlin na Nemo, samaki baba na mwana wa filamu ya kwanza, hadi California, anaishia ndani ya kituo cha viumbe wa baharini ambako wanyama wagonjwa hutibiwa. Robo ya kwanza inachosha. Ni safari ileile ya filamu ya kwanza, imepewa mwendo wa haraka, na nilianza kuangalia saa.

Ndipo akaja Hank. Pweza mwenye minyiri saba badala ya minane, mnuna, anayejigeuza rangi akawa ukuta, mmea, hata mtoto kwenye kigari. Ukumbi mzima uliamka. Watoto wangu walikuwa hawajawahi kumwona pweza isipokuwa kwenye sahani, na mjomba hakusaidia, kila Hank akinyoosha mnyiri yeye anataja nazi. Lakini hata yeye alinyamaza kwenye kile kidimbwi ambacho watoto wa wageni wanaruhusiwa kushika viumbe. Pale kamera iko chini, pamoja na samaki, na mikono ya watoto inashuka kutoka juu kama mabomu. Mwanangu alivuta mikono yake akaiweka chini ya mapaja. Sikumwambia neno.

Halafu Destiny, papa potwe asiyeona vizuri, anagonga kuta za bwawa lake. Mafia potwe ni wageni wa kila mwaka, watalii wanapanda boti kuogelea nao, kwa hiyo mjomba alimpokea kama jirani. Alipogundua shida ni macho, akasema, "Basi tuko wawili." Hapo alicheka hadi miwani ya juu ikaanguka.

Sehemu moja dada yangu hakucheka. Kuna simba-bahari anaitwa Gerald, mwenye macho ya kuduwaa, anayetaka tu kukaa juu ya jiwe na wenzake, na wenzake wanamfukuza kwa kelele. Ukumbi uliangua kicheko kila mara. Dada anafundisha watoto wenye ulemavu wa akili. Tulipotoka aliniuliza inawezekanaje filamu inayomtetea samaki msahaulifu kwa saa nzima na nusu, kisha ikamfanya huyu mwingine kuwa kichekesho. Sina jibu mpaka leo. Nakubaliana naye, ingawa na mimi nilicheka, tena mara ya pili zaidi ya ya kwanza.

Kama hujaitazama, ruka aya hii. Dory anabaki peke yake baharini, hakumbuki hata aliyekuwa akimtafuta, na anaona makombe yamepangwa mstari mchangani. Anaufuata. Anafika kwenye nyumba ambayo mistari kama ile inatoka pande zote, wazazi wake wameipanga miaka yote hiyo ili siku moja aione. Watoto walikuwa wanagombania bisi. Wakubwa ndio tulilia. Mama mmoja nyuma yetu alipenga kamasi bila haya. Nadhani filamu hii imetengenezwa kwa ajili yetu tuliokuwa vijana 2003, watoto wamealikwa tu.

Mwisho wenyewe, pweza anaendesha lori barabara kuu, ni upuuzi. Mwanangu anasema ndiyo sehemu bora kuliko zote.

Ushauri wangu: 3D achana nayo, inaifanya bahari kuwa na giza. Mtoto akiomba Dory wa kufuga, mwambie hapana. Kangaja hawa karibu wote waliokuwa wakiuzwa walikuwa wa kuvuliwa baharini, na ni Julai 2016 hiyohiyo ndipo watafiti wa Florida walipotangaza kufanikiwa kuwalea kutoka kwenye mayai. Na msiinuke majina yanapoanza kupita. Wale samaki wa kwenye tangi wa filamu ya kwanza, waliotoroka wakiwa ndani ya mifuko ya plastiki, wanarudi mwishoni kabisa. Sisi tulibaki sita peke yetu, taa zimewashwa, mfagiaji amesimama na ufagio wake, na mjomba anamwambia akae naye amalizie.