Kaunta buku ya kurasa 192 kwa mwalimu mwanagenzi

Kwa mazoezi ya kufundisha hapa Mombasa, kaunta buku ya A4 yenye jalada gumu, ya kuandikia unayoyaona kwa wanafunzi wako, inatosha muhula mzima: kurasa 2 kwa siku, na za ziada kwa mazungumzo na wazazi.

Kabla ya kulipa, ifungue katikati. Ukiona uzi, imeshonwa. Ukiona gundi tupu, irudishe. Unyevu wa pwani huilegeza na karatasi huchomoka. Wino wa jeli hutokeza upande wa pili na jasho la kiganja huuchafua, kwa hiyo tumia kalamu ya kawaida.

Kasoro yake kubwa ni kwamba haina safu. Chora 4: ulichoona, sababu unayodhani, uliyemuuliza, hatua uliyochukua. Ya tatu ndiyo roho ya daftari hili. Bila hiyo, mtoto anayesinzia saa nne asubuhi huandikwa "mvivu", kumbe hajatia kitu tumboni tangu jana. Msichana anayekosa siku kadhaa kila mwezi huenda hana sodo, ingawa sheria ya 2017 inaitaka serikali imgawie bure. Inauma kuona mwalimu akikimbilia kiboko, tena kilichopigwa marufuku, kabla ya kuuliza swali moja.

Majina ya watoto yasiandikwe kamwe. Tumia namba, na orodha ibaki nyumbani, kwa sababu madaftari husahaulika kwenye matatu.

Ya kurasa 96 huisha mapema. Ya 288 ni nzito mkobani.