Oili ya pikipiki Mombasa: geuza chupa utafute MA2

Malalamiko ya waendesha boda wa hapa hufanana. Ukitoka Kibarani kupanda Changamwe na abiria na mzigo, injini inalia kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki. Fundi anasema pleti za klachi zimekwisha, zinabadilishwa, na baada ya muda mfupi ugonjwa ni ule ule. Mara nyingi kosa ni la oili.

Klachi ya gari la giya za mkono kwa kawaida ni kavu, iko nje ya injini. Ya pikipiki yenye giya huogelea ndani ya oili ile ile inayolainisha pistoni, na tuktuk nayo ni hivyo hivyo. Oili nyingi nyepesi za magari ya petroli, kama 5W-30, hutiwa kemikali za kupunguza msuguano ili gari litumie petroli kidogo. Klachi nayo hushika kwa msuguano huo huo. Ndiyo sababu Japani ilitoa kiwango cha oili za pikipiki kiitwacho JASO mwaka 1998, chenye madaraja ya herufi. MA ina msuguano wa kutosha, na ndani yake MA2 hushika zaidi ya MA1. MB huteleza zaidi; ni ya skuta ambazo klachi yake haigusi oili. Nyingi ya chupa hizo huandikwa 4T, yaani injini ya mipigo minne, na huchorwa pikipiki mbele, kwa hiyo picha haikusaidii. Soma nyuma. Ukiona "Energy Conserving", yaani ya kuokoa petroli, rudisha rafuni.

Nambari ya unene ni rahisi. Mombasa hakuna baridi, basi usilipie 0W wala 5W. Tazama nambari ya pili, ya unene injini ikiwa moto. Injini inayopozwa kwa upepo, ikinguruma kwenye foleni ya feri ya Likoni saa saba mchana, haipati upepo wowote, na oili huzidi kuwa nyepesi. Kama kitabu cha pikipiki kinakubali 50, chukua 50.

Ninayoiweka mbele, bila kuficha, ni Motul 5100 15W-50. Ni nusu sinthetiki, ni MA2, na hustahimili joto la kutwa nzima. Anayeona bei ni nzito achukue Motul 3000 20W-50, ambayo ni ya madini, lakini aibadilishe mapema, kila kilomita 2,000 kwa boda ya kazi. Ya tatu ni Shell Advance AX7 10W-40: klachi hushika vizuri na giya huingia laini, ila naipendekeza kwa pikipiki mpya zaidi kuliko injini iliyochoka. Castrol Activ 20W-50 inafaa pia.

Oili ya kupimwa kutoka kwenye pipa, achana nayo.

Sasa wauzaji. Chupa tupu za oili nzuri zinanunuliwa gereji, zinajazwa upya na kurudishwa dukani kwa bei kamili. Ukimwuliza muuzaji kuhusu JASO anakwambia "hii ndiyo wanayotumia wote", na risiti hataki kuandika. Mtu anayelisha watoto kwa pikipiki hiyo anastahili jibu. Kagua pete ya kifuniko, karatasi ya chini yake kama chupa hiyo huwa nayo, na nambari ya toleo iliyopigwa kwenye plastiki. Ikifutika kwa kidole, ondoka.

Wakati wa kumwaga, washa injini dakika tatu, izime, fungua nati ya chini na ubadilishe wosha yake. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 huchukua karibu lita moja, fuata kitabu. Pima ikiwa imesimama wima, si kwenye stendi ya pembeni. Ukizidisha, oili hutoka povu na kupanda hadi kwenye chujio la hewa.

Klachi ikiwa tayari inateleza, kagua kwanza waya wake. Lazima mkono wa klachi uwe na uchezaji kidogo. Kisha weka MA2, tembea kama kilomita 100, imwage na uweke nyingine. Isiposhika hapo, pleti zimeungua, nunua mpya na uziloweke kwenye oili safi kabla ya kufunga. Chupa iliyobaki tupu itoboe kwa bisibisi kabla hujaiacha gereji.