Kisoma hitilafu cha Bluetooth kwenye IST iliyolala miezi 7: uzoefu wangu

Nyota nne. Ni kile kidude kidogo cha kuchomeka chini ya dashibodi, kinachoongea na simu kwa Bluetooth. Kariakoo kimenitoka shilingi 25,000. Nimekitumia kwenye Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ-FE, lita 1.5, iliyokaa miezi saba bila kuwashwa ikiwa na nusu tenki. Inawaka, lakini sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, inamisi (silinda inaruka bila kuunguza mafuta), na ukikanyaga mafuta inasita kwanza ndipo iende.

Kero ya kwanza ni kuunganisha. Magari yaliyotengenezewa soko la Japani, hasa ya kabla ya 2008 hivi, mengi hayafuati OBD2 ya kawaida, yaani lugha ya kompyuta ya gari ambayo vifaa hivi huisoma. Taa ya kifaa inawaka, programu inasema haioni gari, na mtu anakirudisha dukani akidhani kibovu. Ndani ya programu, kwenye mipangilio ya gari, kuna nafasi ya kuandika amri za kuanzia. Toyota nyingi za aina hii hukubali hizi:

ATIB 96
ATIIA 13
ATSH8113F1
ATSP A4
ATSW00

Vifaa vilivyoandikwa toleo la 2.1 mara nyingi vimepunguzwa na havielewi amri zote. Ulizia 1.5, na kijaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa. Hata kikikubali, si kila kipimo kitaonekana.

Usikimbilie kusoma kodi (za hitilafu, si za TRA) kabla ya kupima betri. Iliyojaa husoma volti 12.6; ikiwa 12.2 iko nusu. Stata ikizunguka isishuke chini ya 9.6. Betri iliyochoka huzipa koili (za kuwasha cheche) na noseli (za kunyunyiza mafuta) umeme hafifu, na kompyuta huandika kodi za kupotosha. Chaji kwanza, futa kodi zote, washa upya. Kama terminali za betri zilichomolewa, kompyuta imesahau kiwango cha sailensa: acha injini iungurume dakika 10 hadi 15 bila AC, ndipo uhukumu mtetemo.

Sasa kodi. P0300 ni kumisi kusikoeleweka ni silinda gani. P0301 hadi P0304 zinataja silinda, na namba 1 kwenye injini hii ni ile ya upande wa mikanda. Ukiona P0302, usinunue kitu bado. Fungua bolti ya 10, badilishana koili ya silinda ya 2 na ya 3, futa kodi, unguruma dakika tano. Ikigeuka P0303, koili imekufa. Ikibaki P0302, fanya hivyohivyo kwa plagi: soketi ya 16, injini ikiwa imepoa, mwanya milimita 1.1, kaza Nm 18. Bado? Weka bisibisi ndefu kwenye noseli na sikio kwenye mpini. Kila noseli igonge sawa na wenzake. Iliyo kimya imenata, au panya wamekula waya wake, jambo la kawaida kwa gari lililolala.

Taa ya injini ikipepesa, zima. Petroli isiyoungua inaenda kuunguza katalaiza (kisafisha moshi kwenye ekzosi), na hiyo bei yake si ya plagi.

Lakini thamani yote ya hiki kifaa iko kwenye STFT (ya muda mfupi) na LTFT (ya muda mrefu), yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Jumlisha hizo mbili: ndani ya 10 juu au chini ni salama. Ikiwa +20 kwenye sailensa na inashuka karibu na sifuri ukishika mizunguko 2,500 kwa dakika, kuna hewa inayoingia kwa wizi. Kagua mipira ya vakyum iliyokauka. Ikiwa inapanda kadiri unavyokanyaga, mafuta hayafiki: filta, pampu au noseli zilizoziba. Kwenye IST filta iko pamoja na pampu ndani ya tenki, unafikia kwa kuinua kiti cha nyuma. Fundi wa kubahatisha angeshakubadilishia plagi nne na koili mbili.

Noseli huziba kwa sababu petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi hupotea na kinachobaki huacha gundi. Kwa hiyo dawa ya kusafisha noseli haina maana ukiimwaga juu ya petroli ya zamani. Ikinuka kama vanishi, itoe yote, weka mpya lita 15, kisha dawa. Yangu ni chupa ya mililita 300 kwa lita 60, hivyo lita 15 zinataka mililita 75, si chupa nzima.

Kisichoonekana kwenye simu: mtetemo unaokuja gari likitembea tu. Hizo ni tairi zilizobonyea kwa kusimama sehemu moja au diski zenye kutu.

Nyota niliyokata ni ya umeme. Pini namba 16 ya soketi ya chini ya dashibodi ina moto hata swichi ikiwa imezimwa, na kifaa changu hakijizimi. Kikiachwa kwenye gari linaloegeshwa wiki kadhaa, kinamaliza betri ileile uliyoichaji. Chomoa kila ukimaliza.